Mpeni Mzimu Sharti Lisilowezekana

Vijana wangu, mlipokuja kwangu juma lililopita na simu zenu mkononi, mkaketi kwenye benchi langu na kumaliza chai yangu yote, nilifurahi kwa muda wa robo saa. Mlisema mnataka kuandika hadithi za mizimu kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi, wale wa miaka tisa hadi kumi na mbili, na mmesikia kwamba mimi, Masika, nilifanya kazi hiyo hapa Butembo kwa miaka ishirini na minane. Mpaka hapo mlikuwa watu wa heshima. Kisha yule mwenzenu mwenye kofia akatoa simu, akanionyesha kurasa zilizopigwa picha, akaniomba ruhusa ya kuisambaza hadithi yangu ya Moto wa Siku Tatu. Akasema ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikawaambia chai imekwisha. Mkaondoka mkidhani bibi huyu ana roho mbaya.

Jibu langu ni hapana. Nimeliandika hapa ili nisilazimike kulitamka tena, maana kila nikilitamka damu inanipanda na binti yangu ananigombeza. Sababu ya hapana hiyo ni msichana mmoja aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Nitafika kwake. Lakini mlikuja kujifunza kazi, na kazi ile niliipenda, kwa hiyo acheni kwanza niwape kilicho chenu.

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Tulikuwa watu wanne na mashine moja ya roneo, ya kurudufia kurasa, iliyokuwa ikitapika wino kama mtoto mwenye homa. Mimi niliingia kama mpiga chapa tu. Nilikuwa nakata stensili, zile karatasi za nta za kuchapia, na ukikosea herufi moja unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unangoja ikauke, unapiga tena. Kwa baridi ya Butembo asubuhi, dawa ile haikauki upesi. Nilijifunza uvumilivu kwa kupuliza.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Kakule, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyekuwa akitunga hadithi, kurasa kumi na sita kila kijitabu, na shule ndizo zilizoviagiza, kuanzia Beni mpaka Kanyabayonga. Tulitoa vijitabu vya usafi, vya kilimo, vya maisha ya watakatifu. Hivyo vilirudi vikiwa safi kama vilivyokwenda. Vya mizimu vilirudi bila majalada, vimeliwa pembe, vina madoa ya maharagwe, na vingine havikurudi kabisa. Walimu walilalamika kwamba watoto wanavificha ndani ya kitabu cha hesabu. Mtoto anayekunja uso hivyo juu ya hesabu, mwalimu alimsifu, kumbe yuko kisimani na bibi asiye na kisigino.

Mnajua kwa nini mtoto anapenda kutishwa? Mimi nilidhani ni ujinga. Mzee alinipeleka darasa la tano, akaanza kuwasomea, akaniambia nikae pembeni niangalie.

"Masika, angalia miguu, hapana uso," aliniambia. "Uso wa mutoto unaongopa. Miguu haijue kuongopa."

Nikaangalia chini ya madawati. Mzimu alipobisha hodi, miguu yote ikapanda. Ilivutwa juu kwenye ubao wa dawati, mmoja baada ya mwingine, ile yenye viatu na ile isiyo na viatu. Mzimu alipoondoka ikashuka polepole, na papo hapo wakapiga kelele: "Mwalimu, tena! Tena!" Kile kitendo cha kushusha miguu ndicho wanachokipenda. Mtoto anataka kuogopa kwa sababu anajua atashusha miguu, mama yake yuko nyumbani, maharagwe yako motoni. Ukimnyima kushusha miguu umemwibia. Hilo liandikeni mahali.

Nilipoanza kutunga mwenyewe, Mzee alinirudishia karatasi mara saba. Ya kwanza nilijaza damu. Akasema damu ni ya watu wavivu, weka kitu kidogo ambacho si cha kawaida: kikombe chenye joto katika nyumba isiyo na mtu. Ya pili haikuwa na kicheko hata kimoja. Akasema mtoto ambaye hajacheka hawezi kuogopa vizuri, tumbo lake limefunga. Ya tatu sikumbuki, ila alichora msalaba mwekundu kuanzia juu mpaka chini.

Na kugeuza ukurasa! Ninyi wa simu hamlijui hilo, mnateleza kwa kidole tu. Kijitabu kikiwa wazi, jicho la mtoto linaiba, linakimbilia ukurasa wa pili kabla hajamaliza wa kwanza. Kwa hiyo kitu cha kutisha hakikai mahali ambapo jicho linaweza kukiiba. Hodi inapigwa mstari wa mwisho wa ukurasa wa kulia. Mtoto lazima ageuze kwa mkono wake mwenyewe. Mara moja tulipanga karatasi vibaya kabla ya kupiga pini, ukurasa wa tisa ukatangulia wa tano, na bibi marehemu akawa ameketi jikoni anakula kabla hatujaambiwa kwamba amekufa. Nilitaka kulia. Baada ya mwezi ilikuja barua ya wanafunzi wa Kanyabayonga wakiomba kingine "kama kile cha kuchanganyikachanganyika".

Si makosa yote yaliyopata bahati hiyo. Niliwahi kumficha mzimu katika shamba la muhogo huko Kipese, mimi ambaye sikuwahi kufika Kipese. Watoto wa huko waliniandikia: "Madame, huku kwetu ni baridi, tunalima viazi na ngano. Muhogo haiko. Mzimu wako alijificha wapi?" Mzee aliibandika barua ile ukutani mbele ya mashine yangu na ilikaa pale miaka. Kosea jina la mfalme, watoto watakusamehe. Kosea wanachokula, basi, hawatakuamini tena hata ukisema jua linawaka.

Sasa sikilizeni hili kuhusu sharti, kwa sababu yote yaliyobaki yanatoka hapa.

Kila hadithi nzuri ya mzimu ina sharti. Mzimu haji ovyo kama mgeni wa harusi. Kuna jambo ambalo lazima lifanyike ndipo aje, na jambo jingine ndipo aondoke. Katika hadithi za Mzee masharti yalikuwa ya kipuuzi kabisa. Kumwita mzimu wa kisima lazima uwe na unyoya wa samaki. Kumwona mzimu wa soko lazima uvae kivuli cha mtu mwingine. Mimi nilidhani ni mzaha wake tu. Kisha siku moja wanawake watatu wauza samaki wakaingia karakana wakiwa na hasira na harufu yao yote.

"Ni nyie munaandikaka bitabu?" aliuliza mmoja. "Batoto banatumalizia samaki! Kila siku banakuya, banafunguafungua, banasema banatafuta unyoya. Samaki iko na unyoya wapi?"

Tulicheka mpaka machozi, na wao pia wakacheka, wakanywa chai, mmoja akaomba kijitabu cha mtoto wake. Walipoondoka Mzee hakuwa anacheka tena.

"Umesikia, Masika? Batajaribu," akasema. "Kila kitu tunaandika, batajaribu. Donc, usiwape hata siku moja sharti mutoto anaweza kutimiza. Na usiguse mambo ya kilio ya kwetu. Kilio ni ya batu bakubwa. Mpe unyoya wa samaki, atatafuta, atachoka, atarudi kula."

Niliitika. Nilikuwa msichana, niliitikia kila kitu.

Baba mmoja wa kanisa alikuja kutushutumu kwamba tunaita mashetani. Mzee akampa kijitabu aende akakague. Alirudi kesho yake akiuliza kama kuna sehemu ya pili, eti kwa ajili ya mtoto. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka yetu mizuri, na nawaambia bila haya kwamba naililia.

Mzee Kakule alikufa kitandani mwake, kwa uzee, akiwa na wajukuu pembeni. Moto wa kilio uliwaka uani kwake, majirani wakaleta kuni na ndizi, wanaume wakauzunguka siku zote mpaka kilio kikaisha na majivu yakafagiwa. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walikufa bila hayo. Roneo nayo ikafa, tukapata kompyuta na mashine ya kuchapa, na mimi nikawa mkubwa wa karakana.

Kisha mauaji yakaanza upande wa Beni. Sitawasimulia, mlikuwepo, wengine wenu mlikimbia mkiwa mgongoni. Vijiji vilihama. Familia ziliingia Butembo na magodoro kichwani, na madarasa ya watoto hamsini yakawa ya watoto tisini. Mimi niliendelea kwenda madarasani kusoma na kuangalia miguu, kama nilivyofundishwa.

Siku moja niliwasomea hadithi ambayo haikuwahi kushindwa. Mzimu akabisha hodi. Miguu ya watoto wa mjini ikapanda. Miguu ya wale wa nyuma, waliokimbia vita, ikabaki chini, imetulia. Nikasoma tena mstari ule kwa sauti nzito zaidi. Hakuna aliyesogea. Nilipomaliza, mvulana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Madame, huyo mama alikufa namna gani? Balimukata ao ni ugonjwa?"

Nikasema ni hadithi tu.

"Na akirudi, anajuaka njia?" akauliza. "Sababu nyumba iliungua. Atajua ni wapi?"

Wenzake waliinama mbele kusikia jibu. Sijawahi kuona watoto wakisikiliza hivyo. Hawakuwa wakiogopa hata kidogo, walikuwa wakitaka habari. Mtu mwenye akili angefunga karakana siku ile, akatoa vijitabu vya hesabu. Mimi nilitoka pale nikijisikia nimepewa kazi na Mungu.

Ndipo nikaandika Moto wa Siku Tatu. Mnaijua, mmeipiga picha. Mama amekufa shambani na watu wamekimbia bila kumfanyia kilio. Mtoto anarudi peke yake kwenye jiko la zamani, anawasha moto kati ya mawe matatu, anauweka hai siku tatu, na kila magharibi anatenga sahani ya mama. Siku ya tatu anasikia hatua. Na mstari wa mwisho kabisa: Mlango ukafunguka. Nikaishia hapo. Sikumwondoa mzimu, sikumrudisha mtoto nyumbani, sikumshusha mtu yeyote miguu.

Nilikumbuka maneno ya Mzee. Msidhani nilisahau, kusahau kungekuwa afadhali. Nilikaa na kalamu mkononi nikajiambia kwamba unyoya wa samaki ni mambo ya zamani, kwamba watoto hawa wameona mengi mno, kuwapa upuuzi ni kuwadharau. Nikachukua moto wa kilio chetu, ule wa kweli, nikaufanya sharti. Moto, kiberiti, sahani. Vitu ambavyo hata mtoto maskini kuliko wote anavyo.

Watu wazima waliipenda mno. Wenzangu karakana walilia. Wageni wa shirika moja walikuja na kamera, wakanipa hati yenye fremu, wakasema nimewapa watoto sauti. Niliitundika hati ile ukutani, na wala sikujiuliza mbona mtoto hata mmoja hajaja kusema "tena".

Ilikuwa siku ya soko. Mwanamke mmoja aliingia karakana, kanga yake imefungwa vibaya, mkononi ana jalada la kijitabu changu, jalada tu.

"Ni weye Madame Masika unaandikaka ya bazimu?" akauliza.

Nikasema ndiyo, nikitabasamu, nikidhani anataka kingine.

"Mutoto wa dada yangu hayiko. Kavira. Siku ya pili leo. Alibeba sahani ya mama yake, ile ya bati, na sufuria, na kiberiti yangu. Mwalimu anasema alikuwa anasoma hii kila siku. Alikata jalada akaacha, akaenda na ya ndani. Mama, niambie, mule ndani muliandika nini?"

Jina lake lilikuwa Mama Kahindo. Dada yake alikuwa ameuawa shambani, katika kijiji kimoja upande wa Kalunguta, mbali kidogo na barabara kubwa. Waliosalia walimzika haraka pamoja na majirani waliouawa naye, bila moto, bila wimbo, na yule binti aliletwa Butembo kwake yeye, mama yake mdogo, akiwa na gauni moja. Nikamweleza kilichokuwa ndani ya kijitabu. Nilimweleza mpaka mlango ukafunguka. Yeye hakunipiga. Alikaa sakafuni kati ya maboksi ya karatasi, akasema polepole kitu ambacho mimi mtu wa mjini sikuwa nimekifikiri.

"Kule batu habapikake tena, Madame. Mutu akienda kuchukua chakula kwa shamba yake, anakula bibichi, anarudi. Moshi ikipanda, bale bauaji banajua mutu iko."

Siku tatu nzima mtoto angekuwa anapandisha moshi. Mimi ndiye niliyemwagiza.

Tulipanda pikipiki mbili, yeye na mimi, tukashika barabara ya Beni. Sikuwa na mpango wowote. Kichwani nilikuwa nahesabu: kama alifika jana, leo ni siku ya pili ya moto. Kwenye kizuizi cha mwisho, pale njia ndogo inapoingia kushoto, mwanajeshi kijana alitusimamisha.

"Mama, zonga. Nzela ekangami," akasema. Rudi, njia imefungwa.

Nikamwambia kuna mtoto huko. Akauliza mtoto amekwenda kufanya nini mahali ambapo hata wao wanajeshi hawaendi kwa miguu. Vijana wangu, nimetunga hadithi mia moja na zaidi, nimejibu mapadre, wachungaji na wakaguzi wa shule. Pale aliyejibu ni Mama Kahindo: "Alienda kungoja mama yake." Mwanajeshi akatupatia ubao wa kukalia. Lakini njia hakuifungua.

Tulikaa pale siku hiyo, tukalala kwa mama mmoja muuza mandazi, tukakaa siku iliyofuata. Kila mtu aliyetoka upande ule tulimuuliza. Mzee mmoja mwenye ndizi kichwani alisema ndiyo, moshi ameuona kutoka mlimani, mwembamba, na yeye alibadilisha njia mara moja. Mama Kahindo alianza kusali rozari na mimi, ambaye ni Mprotestanti, nikaitikia kwa sauti.

Nataka mjue nilichokuwa nikiomba. Niliomba mvua. Niliomba inyeshe kubwa, imzimie ule moto, alie, achukie kitabu changu na arudi. Mbingu ilikuwa kavu siku zote mbili.

Asubuhi ya siku iliyofuata walitokea watu wawili kwenye ile njia ndogo. Mmoja alikuwa mwanaume mkubwa mwenye gunia la kakao tupu mgongoni na panga mkononi. Nyuma yake msichana mwembamba, magoti meusi kwa masizi, ameshika sahani ya bati kifuani. Mama Kahindo alikimbia akampita mwanajeshi, akamkumbatia, akampiga kofi, akamkumbatia tena. Mimi nilibaki nimeketi kwenye ubao.

Mwanaume alijitaja kuwa Katembo. Alikuwa amekwenda kuchuma kakao yake kwa haraka, akaona moshi, akajificha migombani. Akiwa amejificha akaona kwamba anayeuchochea ule moto ni mtoto. Hiyo ilikuwa jana mchana.

"Jana mchana?" nikamuuliza kwa ukali. "Na juu ya nini hukumuleta palepale?"

Akaangalia chini.

"Nilimushika mukono. Akaniambia, 'Papa, imebaki magharibi moja tu. Kesho nitaenda, hapana leo.' Akanisomea kitabu yako yote, Madame. Alishaijua kwa kichwa." Akahamisha panga mkono wa pili. "Muke wangu pia balimuuwa kule, na mutoto. Habakupata kilio. Miye mutu muzima, naenda kanisani. Lakini niliikala naye. Nilileta kuni. Nilisema labda yule mama akikuya, atakuya na ba kwangu."

Mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye ndevu za mvi. Alikuwa ameuchochea moto ule pamoja na mtoto katika mahali ambapo moshi ni kifo, kwa sababu mimi nilikataa kuandika unyoya wa samaki. Nikamshika mkono, naye akauacha mkono wake ndani ya wangu bila kuukaza.

Baada ya hapo nilikusanya vijitabu vyote nilivyoweza kuvipata, shule kwa shule, nikavitia moto nyuma ya duka la mbao, pamoja na ile hati, fremu yake nikampa fundi. Vingine vilibaki, kama mnavyojua ninyi wenye picha. Sikuandika tena. Watu walisema nimechoka, wakanifanyia sherehe ya kustaafu yenye soda na hotuba. Mtu mmoja alinisifu kwamba nimewafundisha watoto wetu kutoogopa. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu mpaka hotuba ikaisha.

Kwa hiyo andikeni. Siwakatazi. Watoto wa hapa wana haki ya kuogopa kitu ambacho hakipo, kama watoto wa mahali pengine popote, na pengine wao wana haki kubwa zaidi. Chekesheni kwanza. Angalieni miguu. Mzimu mpeni sharti lisilowezekana, na mwisho mwondoeni, mfunge mlango, mrudishe mtoto nyumbani ale. Kile cha moto kiacheni, hata mkikiona ni kizuri. Ni kizuri, najua. Niliyekiandika ni mimi.

Mnataka kujua Kavira alisema nini, naona. Pale kwenye kizuizi, muuza mandazi alimpa chai, akainywa yote bila kupumua. Nilipiga magoti mbele yake kwenye vumbi, mimi na umri wangu, ili macho yetu yawe sawa. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia yale niliyoandika si kweli, nilitunga mezani, hakuna moto unaomrudisha mtu. Alinisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza mgeni anayetembelea shule. Kisha nikamuuliza swali ambalo nimewauliza watoto wote maisha yangu yote.

"Uliogopa?"

Akatikisa kichwa.

"Hapana, Madame. Nilikuwa nataka aniogopeshe," akasema. "Hata kuniogopesha tu, hakukuya."